Kilima cha Faida: Dema wa Bunyan Asomwapo Geita na Shinyanga

Kitabu cha John Bunyan kinachosimulia safari ya Mkristo kutoka Mji wa Uharibifu hata Mji wa Mbinguni kilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1678, na tangu hapo kimefasiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Wahubiri wetu wamekitumia sana, hasa katika mikutano ya Injili ambamo watu huitwa kufanya uamuzi. Katika makala hii hatukusudii kukipitia kitabu kizima. Twataka kutazama tukio moja, ambalo msomaji wa mahali pengine aweza kulipita upesi, lakini msomaji wa Nyarugusu au Kakola hawezi, kwa kuwa ni habari ya mgodi. Tutauliza maswali mawili. Je, tukio hilo lafundisha nini juu ya uthabiti na kujitoa katika maisha ya Kikristo? Na je, sisi tunaolihubiri katika nchi ya dhahabu tumelisoma sawasawa? Majina ya mifano ya Bunyan tumeyafasiri wenyewe, ili msomaji aione maana yake mara moja.

I. Tukio lenyewe

Mkristo na mwenzake Mwenye-Tumaini wamekwisha kutoka katika Soko la Ubatili, ambako rafiki yao Mwaminifu aliuawa. Wavuka uwanda mwembamba uitwao Raha, na ng'ambo yake wakuta kilima kiitwacho Faida. Ndani ya kilima hicho mna mgodi wa fedha. Wasafiri waliotangulia waliacha njia ili kuutazama. Wengine walikaribia mno ukingo wa shimo, ardhi ikakatika chini yao, wakafa. Wengine walitoka na vilema ambavyo havikuwaacha hadi siku ya kufa. Kando ya njia amesimama Dema, mtu wa heshima na mavazi mazuri, akiwaita wapitao waje waone. Awaahidi kwamba kwa kazi kidogo watapata utajiri mwingi.

Mwenye-Tumaini ataka kwenda. Mkristo akataa, kisha amwuliza Dema kama mahali hapo hapana hatari. Dema ajibu kwamba hatari si kubwa, ila kwa wazembe. Na Bunyan, kwa ustadi wa mtu ajuaye watu, asema kwamba uso wake ulibadilika kwa haya alipokuwa akisema hivyo. Wale wawili waendelea na safari. Nyuma yao yaja kundi la Bwana Makusudi-ya-Kando, ambalo lamwendea Dema kwa wito wa kwanza. Kama walianguka shimoni, au walishuka kuchimba, au walizimwa na hewa mbaya ya chini, mwandishi asema hana hakika. Ajualo ni kwamba hawakuonekana tena njiani. Mbele kidogo, wasafiri wakuta nguzo ya mke wa Lutu, nao wastaajabu kwamba Dema aweza kusimama pale akiwaita watu hali nguzo ile yaonekana waziwazi mbele ya macho yake.

Mtu aliyekaa katika maduara ya Geita hahitaji kufafanuliwa habari hii. Aijua ardhi inayokatika. Anajua kwamba matimba yakioza, duara huporomoka. Mwaka 2015, huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, na wa sita alikwisha kufa humo humo. Nchi nzima ilistaajabu. Hata hivyo watu hawakuacha kushuka. Nguzo yaonekana, na kazi yaendelea. Katika jambo hili Bunyan, ambaye alikuwa fundi maskini wa kuziba vyombo vya chuma huko Bedford, ameandika kana kwamba alipita kwetu.

II. Kosa la usomaji wetu

Kwa sababu mfano huu watufaa namna hii, tumekuwa wepesi kuutumia vibaya. Mhubiri hufika katika makazi ya wachimbaji, huweka kipaza sauti karibu na karasha, na kutangaza kwamba kilima ni dhambi na njia ni kanisa. Aliye mgodini ametoka njiani. Aliyeokoka na auache mgodi. Mikono huinuliwa, majina huandikwa, na mhubiri hurudi mjini akiwa na hesabu ya walioamua. Asubuhi wale wale walioinua mikono hushuka duarani, kwa kuwa ndiko kuliko na chakula cha watoto wao. Kisha twasema kwamba watu wa migodini hawana msimamo.

Twaona kwamba kosa liko kwetu kabla halijawa kwao. Biblia haina chuki na mchimbaji. Sura ya 28 ya Kitabu cha Ayubu yasimulia kwa mshangao jinsi mwanadamu anavyochimba mashimo mbali na makazi ya watu, akining'inia pasipokanyagwa na miguu ya wapitao, akilitoa gizani lililofichika. Sura hiyo haimlaumu. Yasema tu kwamba hekima haipatikani huko chini, wala haiwezi kununuliwa kwa dhahabu. Naye Bwana wetu, alipotaka mfano wa mtu mwenye uamuzi uliokamilika, hakumchukua kuhani wala mwandishi. Alimchukua mtu aliyeiona hazina iliyositirika shambani, akaenda kwa furaha akauza alivyo navyo vyote (Mathayo 13:44). Wachimbaji waelewa mfano huo kuliko sisi tuliosoma vyuoni.

Tutafakari kidogo. Mchimbaji wa duara hukubali kushuka wiki kwa wiki pasipo mshahara, akila posho ya mwenye duara, kwa tumaini la mgawo wa mifuko ya mawe siku mwamba utakapopatikana. Pengine mwamba haupatikani. Husikia habari ya rashi mahali pengine, hufunga mzigo wake usiku ule ule. Basi haiwi kweli kusema kwamba mtu huyu hajui kujitoa. Anajua sana. Swali ni kwamba amejitoa kwa nini, na ni nani aliyemwita.

Hapa ndipo tunapomkosoa Bunyan mwenyewe, pamoja na heshima yote tuliyo nayo kwake. Katika safari yake, njia iko upande mmoja na mgodi upande mwingine, na msafiri hana kazi ya kufanya ila kutembea. Njiani halimi wala hachungi ng'ombe. Katika ukanda wa Geita na Shinyanga njia haipiti kando ya kilima. Yapita juu yake, na mahali pengine yapita ndani. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mwadui yachimbwa almasi tangu mwaka 1940, John Williamson alipoigundua. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa Bulyanhulu mwezi Agosti 1996. Vizazi vizima vimebatizwa, vimeoa na kuzikwa katika kivuli cha kilima hicho. Kuwaambia watu hao kwamba Mkristo ni yule asiyegeuka kando kuutazama mgodi ni kuwaambia kwamba Injili haikuandikwa kwa ajili yao.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Bunyan aanza kitabu chake na Mkristo akimkimbia mkewe na watoto wake, vidole masikioni ili asisikie wakimwita arudi. Ni picha ya uthabiti iliyowatia moyo wengi, na mwandishi mwenyewe aliirekebisha kwa namna fulani katika sehemu ya pili ya mwaka 1684, ambamo mke na watoto wasafiri nao. Lakini tuifikirie picha hiyo ikihubiriwa katika makazi ya wachimbaji. Wanaume wengi waliokaa pale wamekwisha kuacha wake na watoto huko Maswa, Kwimba au Kigoma, nao wameziba masikio yao miaka mingi. Mgodi umekwisha kuwadai uamuzi ule ule ambao Bunyan awadai. Kwa mtu wa namna hiyo, kuongoka hakuwezi kuwa kukimbia tena. Kutakuwa ni kutoa vidole masikioni, kutuma fedha nyumbani, na ikiwezekana kurudi.

III. Bwana Makusudi-ya-Kando

Ikiwa mgodi wenyewe si dhambi, je, hatari iliyoonywa na Bunyan iko wapi? Kwa maoni yetu, ufunguo wa tukio zima hauko kwa Dema wala kwa shimo. Uko kwa Bwana Makusudi-ya-Kando.

Mtu huyu si mpinzani wa dini. Yuko njiani, anavaa kama msafiri, anazungumza kama msafiri. Atoka katika Mji wa Maneno-Mazuri, na baba wa babu yake alikuwa mpiga makasia, aliyetazama upande huu huku akienda upande ule. Aeleza bila aibu kwamba atofautiana na wacha Mungu wakali katika mambo mawili tu: yeye hashindani na upepo wala mkondo wa maji, naye huipenda dini siku ile inapotembea juani kwa mavazi mazuri na watu wakiishangilia. Mtu huyu hakudanganywa na Dema. Dema alimpa tu nafasi ya kufanya alilokuwa amekwisha kulifanya moyoni. Shimo lilimmeza kwa sababu hakuwahi kuwa njiani.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Katika ukanda wetu njia mbili hizo zina majina. Mtu huja ibadani Jumapili, hutoa shukrani, huimba kwaya. Na siku duara linapokosa mwamba, humwendea mganga usiku ili apate dawa ya bahati. Akiulizwa, husema kwamba hakumwacha Mungu, ameongeza tu. Ndiyo sababu Eliya pale Karmeli hakuwauliza Israeli kwa nini wamemkana Bwana. Aliwauliza hata lini watasitasita katikati ya mawili (1 Wafalme 18).

Na tusidhani kwamba kusitasita huku ni udhaifu mdogo unaomdhuru mwenyewe tu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu iliona aibu ambayo haitasahaulika: makumi ya watu wenye ualbino waliuawa au kukatwa viungo, wengi wao katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Mwezi Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga. Mwezi Septemba mwaka ule ule Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Mwaka 2010 Deborah Fahy Bryceson na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi mauaji hayo yalivyofungamana na hofu na tamaa za wachimbaji, na jinsi waganga walivyozitumia hofu hizo. Si haki kuwashtaki wachimbaji wote. Walio wengi hawakushiriki uovu huo. Lakini yatupasa kujiuliza kwa hofu: kati ya waliokwenda kwa waganga wakitafuta bahati, ni wangapi waliokuwa wamebatizwa? Mtu mwenye nia mbili hajui nia ile ya pili itamfikisha wapi. Huanza kwa kuomba dawa ya kuongeza, na mwisho wa njia hiyo yupo mtoto wa jirani.

IV. Na kanisa je?

Ingekuwa rahisi kuikoma hapa, tukimnyoshea kidole mchimbaji. Lakini Bunyan hatuachi. Kundi la Makusudi-ya-Kando lina wenzake waliosoma shule moja, nao wabishana juu ya swali la mchungaji: je, mchungaji akiona nafasi ya kupata parokia nono zaidi, naye akabadili kidogo mafundisho yake ili aipate, atakuwa amekosa? Kwa hoja nyingi zilizopangwa vizuri wanakubaliana kwamba hakukosa. Msomaji hucheka, kisha hunyamaza.

Sisi nasi tunyamaze kidogo. Ni mara ngapi mgodi umehukumiwa katika mahubiri ya asubuhi, na kabla ya jua kuchwa orodha ya michango ya bati na saruji ikapelekwa kwa wenye maduara yale yale? Ni mara ngapi tumempa kiti cha mbele mtu aliyetoa mifuko mia ya saruji, pasipo kuuliza kama vijana waliomchimbia wamepewa mgawo wao? Tumetazama upande huu huku tukipiga makasia kwenda upande ule. Kanisa lisilo na msimamo juu ya fedha haliwezi kuwafundisha watu msimamo juu ya Kristo. Wachimbaji si wajinga. Wanalijua duara ambalo lina matimba na lile lisilo nayo, na wanatujua sisi vivyo hivyo.

V. Uamuzi ni wa nani?

Sasa twaweza kurudi kwa swali letu la kwanza. Uthabiti wa Kikristo ni nini, na watoka wapi?

Lugha yetu yenyewe yatusaidia. Neno kuamua, kabla halijawa jambo la mtu na moyo wake, ni kazi ya mtu wa tatu: huamua ugomvi, huwatenga wawili wapiganao. Hakuna awezaye kuamua ugomvi ambao yeye mwenyewe ni mmoja wa wapiganao. Vivyo hivyo neno kujitoa lina pande mbili: mtu hujitoa kwa Bwana, na mtu hujitoa katika chama, yaani huondoka. Dema alijitoa kwa maana zote mbili. Katika Wakolosai 4:14 na Filemoni 24 yumo katika orodha ya wenzi wa Paulo, tena wakati Paulo amefungwa, si wakati wa shangwe. Katika 2 Timotheo 4:10 amekwisha kumwacha, kwa kuupenda ulimwengu wa sasa, akaenda Thesalonike. Hatuna habari kwamba Dema hakuamua kwa dhati hapo mwanzo. Huenda aliinua mkono wake juu kuliko wote. Mkono ulioinuliwa ulichoka.

Martin Luther aliliona jambo hili alipoandika mwaka 1525 juu ya utumwa wa nia ya mwanadamu: nia yetu haisimami katikati ikichagua kwa uhuru, bali imetekwa tayari, nayo hukombolewa na aliye na nguvu kuliko mtekaji. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza Amri ya Kwanza, alifundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekiegemea ndicho mungu wake, akataja mali kuwa sanamu iliyo maarufu kuliko zote. Kwa hiyo basi, uamuzi wa kwanza si wetu. Mungu alituamua katika Ubatizo: alitutenga na yule aliyekuwa akitupigania. Uthabiti wetu ni kurudi kila siku katika uamuzi huo wa Mungu, utu wa kale ukizamishwa kwa toba, kama Katekisimo Ndogo inavyotufundisha.

Katika sehemu ya kwanza ya kitabu cha Bunyan, Ubatizo hauna nafasi katika safari. Mzigo waanguka msalabani, na hilo ni jema. Lakini msafiri hana alama ya maji ya kurudia siku ya kuchoka. Sisi Walutheri twaona hapo upungufu. Hata hivyo tusimhukumu upesi, kwa kuwa Bunyan mwenyewe alishuhudia katika kitabu chake cha mwaka 1666 kwamba, baada ya Biblia, hakuna kitabu kilichomponya dhamiri yake kama maelezo ya Luther juu ya Wagalatia. Naye alikaa gerezani miaka 12, tangu 1660 hadi 1672, kwa kukataa kuahidi kwamba ataacha kuhubiri. Mtu wa namna hiyo hakudhani kwamba uthabiti ni kuinua mkono mara moja.

Tena, katika tukio letu, limo jambo dogo linaloponya. Mwenye-Tumaini alitaka kwenda kwa Dema. Hakuanguka, kwa sababu hakuwa peke yake. Baadaye, mbele ya nguzo, alikiri upumbavu wake, akashukuru kwamba hakufanywa nguzo kama mwanamke yule. Mkristo hakumwita mnafiki wala hakumwacha nyuma. Basi, uthabiti wa mmoja ulikuwa akiba ya wote wawili. Makanisa yetu yaliyoguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki yanaijua desturi hii: kutembea nuruni, kuungama mbele ya mwenzako lile lililokuvuta kabla halijakuvuta ukingoni. Hesabu ya mikono iliyoinuliwa haiwezi kuchukua nafasi ya mwenzi mmoja wa njiani.

VI. Hitimisho

Watoza ushuru na askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi zao. Aliwaambia mambo ya kutendeka kesho yake: wasitoze kupita kiasi, wasidhulumu, watosheke na mishahara yao (Luka 3:12-14). Twadhani mahubiri ya migodini yangefuata mfano huo. Mwenye duara Mkristo na aweke matimba mazima hata kama yanampunguzia faida. Na atoe mgawo wa wachimbaji siku ile ile mawe yanapouzwa. Watoto wasishike zebaki wala wasikae katika vumbi la karasha. Mwamba ukikosekana, na aseme waziwazi mbele ya wenzake kwamba hatamwendea mganga, na wenzake wasimame naye. Mume na atume fedha nyumbani. Mchungaji naye na aulize fedha ya sadaka imetoka wapi kabla ya kuishukuru. Haya ni madogo, lakini kila moja lagharimu, na Bwana alikwisha kutuonya tuhesabu gharama kabla ya kujenga (Luka 14:28).

Kwa hiyo tusiache kumsoma Bunyan. Tumsome pale pale kilimani, pamoja na watu wa kilimani, tukikumbuka kwamba Dema hakusimama mbali akiwa mgeni. Alikuwa mtenda kazi pamoja na mtume, na alijua nyimbo zote.